Sifa za redioni si hela mfukoni

Waswahili husema biashara ni matangazo. Usemi huo ni wa kweli, lakini haumwambii mfanyabiashara mdogo afanye nini baada ya tangazo kupita.

Siku hizi si ajabu kumsikia mshona nguo wa Kobero au mtengeneza sabuni wa Rumonge akihojiwa redioni bila kulipa hata senti. Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, husikika pande zote mbili za mpaka, na wengi wetu tuliorejea tuliizoea tangu kambini. Yapo pia maonyesho ya Jua Kali/Nguvu Kazi ya Afrika Mashariki, yaliyoanza Arusha mwaka 1999, ambako waandishi hutafuta habari za wajasiriamali wadogo.

Tatizo huja wiki inayofuata. Duka linajaa watu, simu haipumziki, na mwenye duka anakwenda kukopa ili aongeze mzigo. Mwezi ukiisha, watu wamepungua, mzigo uko stoo na deni liko palepale. Kwa mtu aliyerejea nyumbani na kuanza na mtaji wa kuungaunga, deni la namna hiyo linaweza kumaliza biashara yote.

Sisi walimu hatumpi mwanafunzi alama kwa sababu darasa limempigia makofi. Tunasahihisha daftari lake. Biashara nayo ina daftari lake.

Tuchukue mfano wa mama wa Rumonge anayetengeneza sabuni ya mawese. Kwa kawaida huuza vipande 240 kwa wiki, kila kipande faranga 500, na faida yake ni faranga 150. Anahojiwa redioni. Wiki ya kwanza anauza vipande 420, ya pili 300, ya tatu 246, na ya nne 222.

Akitazama wiki ya kwanza tu, ataona ametajirika. Lakini wiki ya nne ameuza chini ya kawaida. Huenda baadhi ya wateja walinunua akiba mapema, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kurudi. Kwa wiki nne ameuza vipande 1,188 badala ya 960. Ziada ni vipande 228, sawa na faida ya faranga 34,200.

Sasa atoe gharama. Aligawa vipande 50 vya majaribio, ambavyo kuvitengeneza kulimgharimu faranga 17,500. Nauli na simu vilikula 6,000. Kinachobaki ni faranga 10,700. Ni faida, lakini si ya kukopea mzigo mkubwa. Ikumbukwe pia kwamba mwandishi akidai "chai", hilo si tangazo la bure tena. Liandikwe kwenye gharama.

Hata hiyo ziada isihesabiwe yote kuwa ya redio. Ikiwa mahojiano yalifanyika wakati wakulima wanalipwa fedha za kahawa, kila duka huuza zaidi. Muulize jirani yako sokoni ambaye hakutangazwa: naye ameuza zaidi? Kama ndiyo, sehemu ya mauzo yako imeletwa na kahawa.

Njia ya uhakika zaidi ni kumuuliza kila mteja mpya swali moja: "Umetusikia wapi?" Chora safu nne kwenye daftari: redio, gazeti, rafiki, mpita njia. Kila jibu weka mstari mmoja. Wengine hujitambulisha bila kuulizwa ukiweka alama: redioni jitaje kama "Mama Sabuni", gazetini taja jina la duka. Anayeingia akimuulizia Mama Sabuni, umejua ametoka wapi.

Aidha, tofautisha wateja. Watu 50 walionunua kipande kimoja kimoja na kutoweka hawalingani na wenye maduka 3 wanaochukua katoni kila wiki. Baada ya miezi mitatu, hesabu waliorudi. Hao ndio matokeo ya kweli ya tangazo.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani yako mambo ya kuangalia zaidi. Kabla ya mahojiano, andika namba ya simu kwenye karatasi na umkabidhi mwandishi, ikiwa na 257 ya Burundi au 255 ya Tanzania. Taja bei pamoja na sarafu yake, kwani faranga 500 si shilingi 500, na mteja aliyevuka mpaka kwa bei asiyoielewa hatarudi. Wakiagiza kutoka ng'ambo, kumbuka kuwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili.

Na kama habari imetoka na kosa, wasiliana na mwandishi siku hiyohiyo, kwa heshima, uombe irekebishwe. Asipokosa kitu kwako isipokuwa sabuni nzuri na maneno ya kweli, atarudi tena.

Kwa hiyo, mfanyabiashara mwenzangu ukitangazwa, shukuru, hudumia wateja kwa mzigo ulio nao, na usikope kabla wiki nne hazijapita na daftari halijasema.