Kodi nafuu, nauli kiboko!

UNATAFUTA chumba Dar es Salaam? Subiri kwanza. Kabla hujamkabidhi baba mwenye nyumba kodi ya miezi sita, chukua kalamu na karatasi tupige hesabu. Jiji hili lina mambo yake: kadiri unavyokwenda mbali ndivyo chumba kinavyoshuka bei, lakini unachookoa kwa mwenye nyumba kinaishia kwa konda.

Chukulia mshikaji kapata chumba Chanika, au bibie kapanga Bunju ndani ndani huko. Kazi ipo Kariakoo. Bodaboda ya kumtoa mtaani mpaka lami, daladala ya kwanza, halafu aunge ya pili. Nauli tatu kwenda, tatu kurudi, na hapo hajanywa hata chai.

Muda je? Saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni saa 88 kila mwezi. Yaani siku tatu na zaidi ya nusu, usiku na mchana, umeshika bomba unapumuliwa shingoni. Na hakuna bosi anayekulipa kwa hilo!

Ndo maana watu wa Dar wamekuwa mabingwa wa ujanja. Jioni unaona mtu anapanda gari linalokwenda kinyume na kwake, analipa, anafika nalo mwisho wa ruti, halafu anageuza nalo akiwa amekaa. Nauli mara mbili ili mgongo upumzike. Wenye misuli wanapita dirishani. Anayeumia zaidi ni denti: kwa kuwa nauli yake ni ndogo, konda anamzibia mlango kwa mkono. Magari matatu yanampita, kipindi cha kwanza nacho kinampita.

Tumefikaje hapa? Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar ina watu wasiofika 300,000. Ile ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. UDA, lile shirika la mabasi ya jiji, lilizidiwa mapema, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na tano mtaani iliitwa dala. Ndo daladala ikazaliwa. Zikaja Chai Maharage, vikaja vipanya, zikaja Coaster. Zimetubeba, tusizikosee heshima. Ila daladala inafuata abiria alipo, haipangi mji.

Mei 2016 ikaja mwendokasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Barabara yake peke yake, foleni unaiangalia dirishani. Raha! Lakini Mto Msimbazi ukifurika, Jangwani panageuka bwawa na safari zinasimama. Halafu yakaja madaraja ya juu, Tazara mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021. Ukishuka darajani, mbele unakutana na wenzako wamejipanga.

Wengi tunalia mabasi ni machache, na kweli ni machache. Lakini kuna jambo hatulisemi: asubuhi jiji zima linaelekea Posta na Kariakoo, jioni jiji zima linarudi. Basi linalokwenda mjini limejaa mpaka mlangoni. Likirudi pembeni saa hiyo hiyo, viti vinapigwa na upepo. Ongeza mabasi utakavyo, kama kazi zote zipo upande mmoja utajaza tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuja mradi wa viwanja 20,000, vikapimwa pembeni kama Bunju, Mbweni na Toangoma. Safi sana, maana kwingine watu walijenga kwanza, barabara ikatafutiwa njia baadaye katikati ya kuta. Lakini mtu hali kiwanja. Anataka kazi, chuo, hospitali na soko la uhakika karibu. Kila ofisi inayofunguliwa Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto ni viti vimeachwa wazi kwenye basi la mjini, bila kununua basi hata moja. Wakubwa wanaopanga mji, mpo?

Wewe msomaji, wakati unawangoja, usipange kwa macho ya dalali. Dalali anakupeleka saa nne asubuhi, barabara nyeupe. Nenda mwenyewe Jumatatu saa 12 asubuhi, usimame kituoni uone watu wanavyogombania. Rudi tena usiku, uone gari la mwisho linapita saa ngapi na kutoka lami mpaka mlangoni kuna taa au kuna giza. Dada zangu, hili la giza msilifanyie mzaha. Kisha jumlisha kodi na nauli za mwezi mzima. Chumba cha bei mbaya karibu na kazi kinaweza kuwa ndicho cha bei poa.

Ukishalipa miezi sita, usije kulia na konda.