Miguu Inayotunza Kumbukumbu

"Sista, mama ni mtu mzima sasa, ndiyo maana anasahau." Hayo huniambia wengi wanaowaleta wazazi wao kwenye kliniki ya presha ninakofanya kazi, hapa Tanga. Kusahau ulipoweka miwani ni jambo la umri. Kupotea njia ya nyumbani uliyoizoea ni dalili ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mara nyingi ugonjwa huo ulianza kujijenga miaka mingi kabla, mtu akiwa na nguvu zake.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Oksijeni hiyo hupita kwenye mishipa myembamba mno. Presha isiyotibiwa huikakamaza na kuiziba kidogo kidogo. Kisukari nacho ni hivyo hivyo. Ndiyo maana nikimwona mtu wa miaka 45 ameacha dawa kwa kuwa "anajisikia vizuri", naihofia akili yake ya uzeeni.

Mazoezi huulinda ubongo. Mwaka 2011, Kirk Erickson na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wazee 120. Nusu yao walitembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Wengine walinyoosha viungo tu. Kwa waliotembea, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, iliongezeka kwa asilimia 2. Kwa wenzao ilisinyaa.

Basi wagonjwa wangu siwatumi jimu. Nawauliza: "Mama, sokoni Mgandini unakwendaje?" Akijibu bodaboda, namwomba arudi kwa miguu, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki: nusu saa, siku tano.

Kutembea peke yake hakutoshi. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu, yakiwamo presha, kisukari, sigara, upweke na kutosikia vizuri, ikakadiria kuwa karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa. Kwa hiyo mzee asiyesikia apelekwe akapimwe masikio, asiachwe pembeni mwa mazungumzo. Nawe mwenye miaka 40, kapime presha wiki hii. Ukipewa dawa, meza hata siku unayojiona mzima.