Dizeli ya Ifakara, miti ya Uchindile

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara ameuliza swali fupi. Mnunuzi wake wa Dar es Salaam anataka mchele usiochafua hewa, naye amesikia kwamba mtu anaweza kulipia miti ikafuta moshi wa mashine yake. Ni kweli au ni utapeli?

Ni kweli, kwa masharti. Utamu uko kwenye hesabu.

Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Ikiungua, inatoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Uzito wa ziada umetoka wapi? Umetoka hewani. Chukua bodaboda ya Ifakara siku ya gulio. Dereva ni kaboni, mwembamba, uzito wake 12. Moto ukiwaka anapakia mshikaki: abiria wawili wa oksijeni, kila mmoja 16, wote wanene kuliko yeye. Jumla ni 44. Kwenye dizeli dereva alikuwa na haidrojeni tu, mizigo isiyolemea. Kwenye moshi wanaondoka watatu wamebanana. Anayejua uzito wa dereva hana haja ya kuwapima abiria: anazidisha kwa 44, anagawa kwa 12. Hiyo ndiyo 3.67, namba inayoendesha soko zima la kaboni.

Mti nao humnasa dereva yuleyule. Jani humfungia kwenye sukari, na sukari ikageuka mbao. Ndiyo maana mpimaji haingii msituni na mtambo wa kunusa hewa. Anazungusha utepe kwenye shina, usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mzingo huo unageuzwa kipenyo, kipenyo kinaingizwa kwenye fomula ya aina ya mti huo, unatoka uzito mkavu. Karibu nusu yake ni kaboni. Zidisha kwa 3.67. Basi mashine iliyokunywa lita 1,000 za dizeli imetoa tani 2.7, na kuzirudisha kunataka takribani tani moja na nusu ya mbao kavu. Utepe wa fundi cherehani ungetosha.

Kilombero, wilaya ilipo Ifakara, si mgeni wa biashara hii. Huko Uchindile, milimani kuelekea Mufindi, kampuni ya Green Resources ya Norwei ilipanda misindano na mikaratusi kwenye nyika ya majani, na mwaka 2009 mradi huo, pamoja na mwenzake wa Mapanda, ukathibitishwa kwa kiwango cha VCS, kimojawapo cha viwango vya soko la kaboni. Vijiji viliahidiwa asilimia 10 ya mapato ya kaboni. Wakosoaji waliuliza kama nyika ile ilihitaji miti ya kigeni, na kama mashamba ya mbao yangepandwa hata bila fedha za kaboni. Swali la pili ndilo gumu, maana utepe haupimi ambacho kingetokea. Moto nao ni hatari nyingine. Kwa ajili yake miradi huweka akiba baadhi ya hati za kaboni, zile ambazo ingeuza.

Tangu 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na miradi husajiliwa kupitia kituo cha taifa cha kaboni, NCMC, kilichopo SUA, Morogoro.

Kwa mwenye mashine, ushauri ni huu: aanze na dizeli yenyewe. Akihamia umeme wa TANESCO, ambao sehemu yake huzalishwa Kihansi na Kidatu kwa nguvu ya maji, tani za kulipia zitapungua. Zitakazobaki ndizo anunulie hati, moja kwa kila tani. Kila hati ina namba yake kwenye daftari la wazi mtandaoni. Asilipe mpaka muuzaji ampe namba hizo, na akishalipa ahakikishe zimefutwa kwa jina la biashara yake. Hati isiyofutwa inaweza kuuzwa tena kwa mwingine.