Sikukuu Zina Tarehe, Waimbaji Je?

Msomaji mpenzi, hakuna siku inayopambazuka duniani ila pana watu wanaosherehekea jambo. Ukiamka ukaona kwenu kimya, jua kwamba kwingine bendera zinapepea, mizinga inalia, na watoto wa shule wamepangwa juani wakimngoja mkubwa aliyechelewa. Leo nataka tuipekue kalenda ya walimwengu, tutazame sikukuu za mataifa na siku walizozaliwa waimbaji wao, na katikati tucheke kidogo. Lakini kicheko hiki kina jambo ndani yake, nalo utaliona mbele.

Tuanze na mwezi mosi Januari. Siku hiyo ndiyo sikukuu ya uhuru wa Haiti, watu weusi waliokuwa watumwa wakamshinda Mfaransa kwa vita na kutangaza dola yao mwaka 1804. Ndiyo sikukuu ya Sudan, iliyopata uhuru 1956, na ya Cameroon, 1960. Na ndiyo siku aliyozaliwa Shaaban Robert, mwaka 1909, kule Vibambani, Tanga. Tena ndiyo siku ya kuzaliwa ya wazee wetu wengi mno, maana mzee asiyejua tarehe yake akifika kwa karani wa vitambulisho huandikiwa Januari mosi, mambo yakesha.

Kuna kisa husimuliwa barazani. Karani alimwuliza mzee mmoja, "Babu, ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa njaa, mwanangu."

"Njaa ipi hiyo, babu?"

"Kwani iliwahi kwisha?"

Tucheke, lakini tusidhani ya kwamba kutojua tarehe ni mambo ya wazee wa Pwani peke yao. Marekani husherehekea uhuru wake kila tarehe 4 Julai, kwa ukumbusho wa mwaka 1776. Mpiga tarumbeta wao mashuhuri, Louis Armstrong, maisha yake yote alisema kwamba alizaliwa siku hiyo hiyo, 4 Julai 1900. Watu wakaona ni jambo la fahari, mwanamuziki mkubwa kuzaliwa sikukuu ya taifa. Akafa mwaka 1971 akiwa na tarehe hiyo. Miaka ikapita, ndipo kilipofunuliwa kitabu cha kanisa mjini New Orleans alikobatizwa, ikaonekana alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901. Karatasi moja iliyohifadhiwa ilisema yale ambayo mwenyewe hakuyajua.

Tarehe 14 Julai ni zamu ya Wafaransa, wakikumbuka gereza la Bastille lilivyovunjwa mwaka 1789. Wimbo wao wa taifa ulitungwa na askari, Rouget de Lisle, kwa usiku mmoja wa Aprili mwaka 1792, mjini Strasbourg. Wajitoleaji wa kutoka Marseille wakaingia Paris wakiuimba, basi ukaitwa kwa jina la mji wao. Mwaka uliofuata wenye mapinduzi walimtia mtunzi gerezani, wakimshuku kuwa mtu wa mfalme. Wimbo wanauimba, mwenye wimbo wamemfungia! Wenzangu watunga mashairi, mnasikia?

Spain wao wana wimbo wa taifa usiokuwa na maneno rasmi, ni ala tupu. Husimama wima wakanyamaza muziki ukipigwa. Mcheshi mmoja alisema, "Basi hao ni ndugu zetu. Hata sisi hapa, ukifika ubeti wa tatu, wote tumenyamaza."

Na Mwingereza je? Yeye hana siku ya uhuru. Kijana mmoja aliuliza sababu, akajibiwa na mzee aliyekuwa akinywa kahawa, "Atakuwaje nayo, mwanangu, naye alizigawa zote?"

Miongoni mwa alizozigawa ni mbili zilizotoka usiku mmoja. Pakistan hufanya sikukuu yake tarehe 14 Agosti, na Bara Hindi tarehe 15, kwa ukumbusho wa mwaka 1947. Ulikuwa mwezi mtukufu wa Ramadhani, mwaka 1366 wa Hijra, katika kumi la mwisho. Furaha ile ilichanganyika na damu nyingi na mamilioni ya watu kuhama makwao. Katika sherehe za Delhi, penye ngome ya Lal Qila, aliyeitwa kupuliza shehnai alikuwa Mwislamu, Ustadhi Bismillah Khan. Shehnai ni jamaa wa karibu wa nzumari yetu, ile ipulizwayo kwenye ngoma za harusi. Kwa hiyo sauti ya namna ile ile inayomtoa bwana harusi wa Lamu ndiyo iliyolitoa taifa la Wahindi.

Misri husherehekea tarehe 23 Julai, kwa mapinduzi ya 1952. Nani Pwani asiyemjua Ummu Kulthum? Zamani, ikifika Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ya Cairo ikimtoa, mitaa ya Waarabu ilikuwa kimya kama saa ya futari. Wimbo mmoja aliouimba ukawa wimbo wa taifa la Misri tangu 1960 mpaka 1979. Tarehe ya kufa kwake yajulikana, 3 Februari 1975. Tarehe ya kuzaliwa ina mabishano: wako wasemao 1898, na wako wasemao 1904. Sauti iliyosikika kutoka Morocco mpaka Basra, wala hapana mwenye hakika ilianza kulia lini.

Tusogee Afrika. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, lakini wimbo wake ulitangulia. Wakuu wa Kongo walipokwenda Brussels mwezi wa Januari mwaka ule kuzungumza na Wabelgiji, walifuatana na Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz. Huko huko wakatunga wimbo wa kucheza wenye kutangaza uhuru na kutaja majina ya viongozi, ukaenea bara zima. Angola nayo ilipata uhuru 11 Novemba 1975, na tarehe hiyo hiyo, mwaka 1938, ndiyo aliyozaliwa Fadhili William wa Taita, ambaye sauti yake iliwajulisha watu wengi wimbo wa Malaika.

Sasa sikiliza kisa cha Enoch Sontonga. Huyu alikuwa mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, na mwaka 1897 alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania, ndiyo ya Zambia, na ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini. Mtu huyo alikufa mwaka 1905, na kaburi lake likapotea kwa miaka tisini. Lilipotafutwa halikuonekana, kwa sababu katika daftari la makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch, na watafutaji walikuwa wakitazama penye Sontonga. Lilipatikana hatimaye, na tarehe 24 Septemba 1996, sikukuu ya turathi ya nchi ile, Rais Mandela akalizindua kuwa ukumbusho wa taifa. Mamilioni ya watu walisimama wima kwa wimbo wake, na hapana aliyejua alipolala.

Na kwetu Kenya? Wimbo wetu wa taifa ulitengenezwa kwa ajili ya uhuru wa 12 Desemba 1963, na jopo la wenye elimu ya muziki, akiwamo Thomas Kalume, mtu wa Pwani. Tuni waliichukua bonde la Mto Tana, katika wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto alale. Mcheshi wetu aliposikia alisema, "Kumbe! Ndiyo maana hotuba zikianza watu husinzia." Mzaha ni mzaha, lakini tafakari: ni mama gani wa Kipokomo aliyeuimba wimbo ule mara ya kwanza? Aliuimba mwaka gani, na mtoto aliyebembelezwa ni nani? Kila siku ya sherehe twasimama kwa heshima ya mama huyo, bila ya kumjua.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Sikukuu huweza kubadilishwa jina, kama tarehe 20 Oktoba iliyokuwa Siku ya Kenyatta, na kwa Katiba ya 2010 ikawa Siku ya Mashujaa. Lakini tarehe haipotei, kwa kuwa imeandikwa. Kinachopotea ni kile kilichowekwa kifuani mwa mtu tu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, "mnamo 1880 hivi". Alipanda chombo hadi Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti kwenye sahani, akafa 1950, na mpaka leo neno letu juu ya kuzaliwa kwake ni "hivi". Bi Kidude, aliyetutoka 17 Aprili 2013, alikuwa akisema alizaliwa zama za rupia. Wengine wakampa miaka mia, wengine zaidi. Kila mwenye kalamu alimpa umri wake.

Wala wazee wetu hawakuwa wajinga wa hesabu. Walikuwa na mwaka wa jua, ule wa Nairuzi, ambao watu wa Makunduchi wangali wakiuoga kila Julai. Na walikuwa na mwaka wa mwezi, kuanzia Mfunguo Mosi hadi Ramadhani. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo aliyetimiza miaka 66 kwa jua ana 68 kwa mwezi. Yuko bwana mmoja ambaye akitaka heshima ya uzee huhesabu kwa mwezi, na akienda kuposa huhesabu kwa jua!

Na walikuwako pia waandishi. Katika nyumba nyingi za Pwani, mtoto akizaliwa, baba alitwaa kalamu akaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kiswahili: fulani bin fulani, usiku wa Ijumaa, mwezi fulani, mwaka fulani. Vitabu hivyo ni hazina. Vingine vimeliwa na mchwa, vingine vimeuzwa kwa watalii, na vingine viko kabatini hakuna avifunguaye.

Siku hizi Kiswahili chenyewe kina sikukuu ya dunia. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai, Saba Saba, iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha yetu ina siku yake, lakini wengi wa waliotungia nyimbo lugha hiyo hawana. Basi nasema:

Siku zina mashahidi, zimo ndani ya vitabu,
Nyimbo zavuma zaidi, Uhindi hata Arabu,
Mtunzi hana idadi, ya miaka na hesabu,
Andikeni kwa juhudi, wakati yu hai babu.

Kwa hivyo, msomaji wangu, ikija sikukuu nyingine, iwe ya taifa au ya Idi, nawe umekwenda kumwamkia bibi au babu, usiridhike na "shikamoo" na kipande cha halua. Kaa kitako umwulize: alizaliwa upepo gani, kaskazi au kusi, ni nani alikuwa liwali, alibembelezwa kwa wimbo gani, na nani aliutunga. Kisha andika, kwa Hijra na kwa miladi, penye kitabu kisichotupwa. Akikujibu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, mwulize kwa upole, "Ile ya kabla ya treni, bibi, au ya baada yake?" Atacheka, kisha atakumbuka.