Nani Hulipia Matatu ya Kijijini?

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, matatu huacha kufika katika vijiji vingi vya mashambani. Abiria hushushwa njia panda, na anayetaka kuendelea hukodi bodaboda. Mama anayempeleka mtoto kliniki hulipa nauli mara mbili. Mkulima hubaki kando ya barabara na mboga zake. Katika mikutano ya wadi, wakazi huuliza kwa nini Serikali isiamuru magari yafike. Ili kupata jibu, ni vyema kufahamu usafiri huu hulipiwa na nani na husimamiwa na nani.

Gharama zote hutoka kwa nauli

Matatu za mashambani ni mali ya watu binafsi. Mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalum za uchukuzi, na biashara hiyo ikapanuka kote nchini kwa mitaji ya wenye magari. Leo zinahitaji leseni, lakini bado wenye magari hawalipwi ruzuku ya kuendesha safari za kijijini. Mafuta, bima, ukaguzi, vipuri, ada za sacco na za kituo, mkopo wa gari na ujira wa wahudumu hulipwa kwa nauli.

Kwa kawaida mwenye gari hutarajia kiasi fulani kila jioni, kinachoitwa hesabu. Kinachosalia baada ya mafuta na hesabu ndicho cha dereva na utingo. Ndiyo sababu gari husubiri lijae kabla ya kuondoka, huwa tele siku ya soko na adimu siku nyingine. Ndiyo sababu pia barabara mbovu hufukuza magari: springi ikivunjika kwenye matope, mapato ya siku kadhaa huishia kwa fundi.

Nauli hupangwa na sacco na wenye magari, wala si Serikali. Bei ya mafuta hutangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi, na mara nyingi nauli hufuata bei hiyo inapopanda.

Majukumu ya kila upande

Leseni za magari ya abiria hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Kanuni za mwaka wa 2014 zinamtaka mwenye matatu awe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Sacco hupanga zamu za magari na husimamia nidhamu ya wahudumu. Kwa hivyo, abiria aliyejaziwa kupita kiasi au kutukanwa anaweza kupeleka malalamiko kwa sacco hiyo, kisha kwa NTSA, akitaja nambari ya usajili wa gari, mahali na saa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma wa barabarani. Kaunti hujenga vituo na kukarabati barabara zake. Ada za kituo na za maegesho huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo mswada wake lazima upitie maoni ya wananchi. Barabara za kitaifa, zikiwemo zile zilizo chini ya KeRRA, si za kaunti.

Mchango mkubwa wa fedha za umma, basi, uko barabarani. Kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ada ya matengenezo ya barabara, ambayo Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Abiria wa matatu huilipa kupitia nauli, hata kama hana gari.

Mkazi afanye nini?

Kaunti haiwezi kumlazimisha mwenye gari kupita njia inayompa hasara. Inachoweza kufanya ni kupunguza hasara hiyo, na hapo sauti ya mkazi ina uzito. Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni hukusanywa kabla ya bajeti kupitishwa.

Ombi la jumla kama "tunataka barabara nzuri" ni vigumu kulitengea fedha. Lenye nguvu zaidi hutaja jina la barabara, mahali hasa gari hukwama, miezi ambayo haipitiki, na shule, zahanati au soko linaloathirika. Mara nyingine kinachozuia matatu si kilomita kumi za njia mbovu, bali ni kalavati moja iliyobomoka. Likitajwa katika mkutano na kuandikwa kwenye kumbukumbu, wakazi wanaweza kulifuatilia bajeti inapotoka.