Mashine ya CPAP baada ya upasuaji wa meno

Kukatika pumzi usingizini hutokea pale njia ya hewa kooni inaposinyaa au kuziba mtu akiwa amelala. Mgonjwa hukoroma, hunyamaza kwa sekunde 10 au zaidi, kisha hushtuka akitafuta hewa, na hali hiyo hujirudia usiku kucha. Tiba inayotumika sana ni mashine ya CPAP, ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Mashine hiyo husukuma hewa kupitia mpira na barakoa, kwa mgandamizo ambao kwa kawaida huwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji, ili koo libaki wazi.

Mtumiaji wa mashine hii anapong'olewa jino, huweza kushawishika kuiweka kando mpaka kidonda kipone. Kuiacha bila ushauri ni hatari. Dawa za nusukaputi hulegeza misuli ya koo, na uvimbe wa kinywa huzidi kubana njia ya hewa. Dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli hupunguza msukumo wa ubongo wa kuvuta pumzi. Kwa hiyo usiku wa kwanza baada ya upasuaji, mgonjwa huihitaji sana mashine hiyo. Kwa wengi, parasetamoli au ibuprofeni hutosha kutuliza maumivu, ila mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asitumie ibuprofeni bila kumuuliza daktari.

Hata hivyo, kidonda nacho kinahitaji ulinzi. Jino likitoka, damu huganda ndani ya tundu na kufunika mfupa na neva. Donge hilo likibanduka mapema, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 4, hasa kwa magego ya chini. Ndiyo maana mgonjwa hukatazwa kuvuta sigara, kunywa kwa mrija na kusukutua kwa nguvu. Hewa ya mashine ikipita kinywani hukausha kidonda. Barakoa ya pua, mdomo ukiwa umefungwa, kwa kawaida hupunguza tatizo hilo. Chombo cha unyevu cha mashine nacho husaidia, kikijazwa maji yaliyotakaswa kwa mvuke.

Magego ya juu yanahitaji tahadhari zaidi. Mizizi yake hukaribia uwazi wa ndani ya mfupa wa taya la juu, yaani sainasi, unaowasiliana na pua. Jino likitoka, tundu linaweza kuunganisha kinywa na sainasi. Mgandamizo wa hewa huweza kuzuia tundu hilo kufunga, au kuingiza hewa chini ya ngozi. Mgonjwa aliyepata tundu hilo, au aliyeongezewa mfupa chini ya sainasi kwa ajili ya jino la bandia, anaweza kuelekezwa kupunguza mgandamizo au kusimamisha mashine kwa muda. Uamuzi huo ni wa daktari wa meno pamoja na daktari anayemtibu kukatika pumzi usingizini. Katika kipindi hicho, mgonjwa hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa, au kwa ubavu, na huepuka pombe na dawa za usingizi.

Maandalizi huanza kabla ya upasuaji. Mgonjwa humweleza daktari kuwa anatumia CPAP, hutaja mgandamizo na aina ya barakoa, na hufika na mashine yake iwapo atapewa nusukaputi. Baada ya upasuaji, damu isimamishwe kwanza kwa kung'ata shashi. Barakoa ioshwe kwa sabuni laini na maji, na mikanda yake isikandamize shavu lililovimba.

Dalili zinazohitaji daktari mara moja ni damu isiyokoma, homa, maumivu yanayozidi baada ya siku ya 2, maji ya kinywani kutokea puani, na uvimbe wa uso unaotoa mlio wa kuchakacha ukiguswa. Mgonjwa akishindwa kupumua vizuri, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kila anayelala na CPAP na kusubiri kung'olewa jino amuulize daktari wake mapema: mashine itumike vipi usiku huo? Asiondoke kliniki bila jibu.