Mhasibu na Jasho la Mlipa Kodi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa uitwao leo Lumumba, na hata sasa hula jasho la mlipa kodi. Haitoshi, basi, mhasibu kuandika fedha zilizokwisha kutumika. Mhasibu wa menejimenti hutazama mbele: huwaonyesha wakuu wa chuo gharama ya kumfundisha mwanafunzi mmoja uhandisi na mwingine sheria, ukumbi upi hukaa mtupu, na mtambo upi wa maabara utachakaa bila kuwekewa akiba. Asiyeyajua hayo, siku ya upungufu hukata ovyo, na aumiaye ni mtoto wa mkulima. Hesabu njema ni ngao yake.